Jibu la daktari: Mtoto anatapika kila tukisafiri, na Bukoba inatusubiri

*"Daktari, shikamoo. Tunaishi Mwanza, mume wangu kwao ni Bukoba. Tuna watoto watatu: wa miaka 7, wa miaka 4 na mdogo wa miezi 9. Safari iliyopita kwenda kwa bibi yao, kabla daraja la Kigongo halijafunguliwa, huyu wa kati alitapika mara tano hata Chato hatujafika. Asubuhi nilimnyima chai ili tumbo liwe tupu. Maji niliwapa kidogo sana ili wasisumbue kukojoa. Nikampa simu aangalie katuni atulie, wapi! Baba yao alikasirika, gari likanuka pamoja na ndoo ya dagaa tuliyobeba ya zawadi, mkubwa naye akaanza kulia. Desemba tunarudi tena. Mume wangu anasema sasa daraja lipo, tuondoke saa nane usiku tusisimame popote, la sivyo huyo wa kati abaki na dada wa kazi. Wifi yangu anasema mtoto anayetapika garini ana minyoo. Kwenye duka la dawa wamenishauri Piriton au Plasil. Mdogo huwa nampakata kiti cha mbele. Nifanyeje? Kusema kweli safari yenyewe naiogopa kuliko ninavyoifurahia."*

Marahaba mama, na pole sana. Mzazi aliyewahi kufua kiti cha gari kwa maji ya chupa kando ya barabara hawezi kuicheka barua yako. Mimi niliwahi kushuka kwenye kivuko upande wa Busisi nikiwa na shati lililolowa kuanzia kola hadi mkanda, na aliyelilowesha amelala begani kwangu kama malaika.

Nianze na la kukutuliza. Mtoto wako si mgonjwa, si mtundu, na hakutapika ili kumkomoa mtu. Anachopata ni kichefuchefu cha safari. Kinasumbua watoto wengi mno na kina mambo ya kufanya. Halafu niseme la kukutisha kidogo: katika yote uliyoandika, kutapika ndiko kunakonisumbua kidogo kuliko mengine. Kinachoninyima usingizi ni kile kiti cha mbele na ile saa nane ya usiku. Nitayafikia yote mawili, lakini nataka kwanza uelewe kinachotokea ndani ya mwili wa mtoto, maana ukikielewa nusu ya maswali yako utayajibu mwenyewe.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna vijifereji vitatu vilivyojaa majimaji, na jirani yake vifuko viwili vyenye chembe ndogo kama mchanga. Gari likikata kona, majimaji hayo yanachelewa kidogo kuifuata kona, kama maji ya dumu lililojazwa nusu ndani ya buti, na mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo: tumegeuka. Baba akikanyaga breki kwa sababu bodaboda imekatiza, zile chembe zinasogea: tumepunguza mwendo. Huyo ni shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili ni macho. Wewe uliyekaa mbele unaiona lami na unaiona kona kabla hujaifikia, kwa hiyo mashahidi wako wanasema jambo moja. Mtoto wa miaka minne aliyekaa chini kwenye kiti cha nyuma anaona nini? Anaona mgongo wa kiti cha baba yake, na ule mgongo hauendi popote. Macho yanaapa kwamba tumetulia, sikio linaapa kwamba tunayumba. Ubongo ukiletewa ushahidi wa namna hiyo kwa nusu saa mfululizo, majibu yake ni jasho baridi, mate kujaa mdomoni na kichefuchefu.

Sasa mpe mtoto huyo simu yenye katuni. Umechukua macho yaliyokuwa walau yanachungulia dirishani mara mojamoja, ukayafunga kwenye kioo kidogo kilichoshikwa mapajani. Ulifanya kwa nia njema, na wazazi wengi hufanya hivyo, lakini kwa mtoto wa aina yake simu ni sawa na kumwagia mafuta ya taa kwenye mkaa.

Kwa sababu hiyohiyo baba yao hatapiki kamwe. Anayeshika usukani huijua kona kabla haijafika, maana mikono yake ndiyo inayoikata, na ubongo wake hauna cha kushangaa. Mwambie siku moja akae nyuma, asome ujumbe kwenye simu kutoka Muleba hadi Kemondo huku gari likipanda na kushuka vilima, halafu ndipo tuzungumze naye habari za mtoto kujikaza.

Utauliza mbona mkubwa hana shida hiyo. Watu tumeumbwa tofauti, na hali hii hufuata damu. Kama wewe au baba yao mliugua basi mkiwa wadogo, au kuna mtu wa familia mwenye kipandauso, usishangae. Chini ya miaka miwili ni nadra kuiona; huanzia hapo, hukolea katika miaka ya shule ya msingi, kisha kwa wengi hupungua wakikaribia balehe. Kwa hiyo wa kati ameingia kwenye umri wake. Na kwa mdogo wa miezi tisa zingatia hili: yeye akitapika njiani usiseme haraka kwamba ni gari. Mtazame joto, mtazame kuhara, fikiria alichokula.

Nije kwa wifi yako. Minyoo inaweza kuleta maumivu ya tumbo, na ikiwa mingi hata kutapika. Lakini minyoo haijui kwamba mmewasha gari. Mtoto anayekula vizuri nyumbani, anacheza, anakua, na hutapika akiwa barabarani tu, minyoo haihusiki hapo. Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake ya kawaida, hiyo ni haki yake kama mtoto yeyote wa ukanda wetu, ila usitarajie imfikishe Bukoba akiwa msafi. Ganda la chungwa au ndimu la kunusa? Sina ugomvi nalo. Halina madhara, na harufu kali nzuri huwasaidia baadhi ya watoto kusahau harufu mbaya. Gazeti tumboni, njiti ya kiberiti, kunusa petroli: hayo acha, na la petroli acha kabisa.

Tumbo tupu ni kosa ambalo karibu kila mama hulifanya, kwa hesabu rahisi kwamba asiyekula hana cha kutapika. Ukweli ni kwamba tumbo tupu lina asidi, na mtoto mwenye njaa hushikwa na kichefuchefu upesi zaidi, kisha hutapika nyongo, jambo linalouma na kuchosha kuliko kutapika uji. Kosa la upande wa pili ni chapati mbili, mayai ya kukaanga na glasi ya maziwa dakika kumi kabla ya kuondoka. Mpe kitu chepesi kikavu, kama saa moja hivi kabla ya safari: kipande cha mkate, kiazi cha kuchemsha, ndizi mbivu moja. Njiani mpe kidogokidogo, biskuti kavu au bisi. Soda na juisi zenye sukari nyingi subirini mpaka mfike.

Na maji, mama, tafadhali wape. Najua hesabu yenu: maji kidogo, vituo vichache. Lakini mtoto aliyekauka huumwa kichwa, hukasirika, choo chake huwa kigumu, na akianza kutapika hana akiba. Tena anapobana mkojo kwa saa nyingi unamwandalia maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kama ni wa kike. Wanywe, msimame, wachimbe dawa, mwendelee.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Zamani kivuko kilitulazimisha kupumzika. Tulikilaani sana, nami nikiwemo. Foleni ya Kigongo ilikula saa nzima, wakati mwingine mbili au zaidi. Lakini katika foleni ile watoto walishuka, walikula mahindi ya kuchoma, waliangalia maji, na masikio yao ya ndani yalitulia. Tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025 zile kilomita tatu juu ya ziwa ni za dakika chache tu, na mapumziko yaliyokuwa bure yametoweka pamoja na foleni. Mumeo anaona saa alizookoa. Mimi naona mtoto ambaye sasa atakaa garini mfululizo kutoka Mwanza hadi Geita, jambo ambalo hata safari ile mbaya hakulifanya. Daraja ni neema. Ila mapumziko sasa mtayatoa wenyewe mfukoni.

Kwa safari ya zaidi ya kilomita 400, simameni kila baada ya saa moja na nusu, zisizidi mbili. Busisi baada ya kuvuka, Geita, Buseresere au Chato, Muleba. Dakika kumi na tano au ishirini, milango wazi, watoto wakimbie chini si wakae garini wakila. Mtachelewa kama saa moja na robo kwa jumla. Safari iliyopita mlipoteza muda gani kusafisha viti na kubembeleza? Mdogo naye anayahitaji mapumziko hayo, maana mtoto mchanga hapaswi kukaa amekunjwa kwenye kiti cha gari zaidi ya saa mbili hivi bila kunyooshwa, na kunyonya kwake kufanyike gari likiwa limesimama. Kama bajeti inaruhusu, mimi ningegawa safari siku mbili na kulala Geita au Chato. Nyumba nzuri za wageni zipo, na siku ya pili watoto huamka kama wapya. Mkisimama mahali penye ufukwe msiwaache waoge kwenye maji yenye majani na konokono, kwa sababu kichocho kwetu huku ni cha kweli, na mtoto anayechezea maji dakika chache tu anaweza kukipata.

Kuondoka saa nane usiku kuna faida moja ya kweli, nisiifiche: mtoto aliyelala hapati kichefuchefu kwa urahisi, kwa kuwa macho yamefungwa na shahidi wa pili yuko kimya. Familia nyingi hufanya hivyo kwa sababu hiyo. Lakini mwili wa dereva nao una saa yake, na kati ya saa nane usiku na alfajiri ndipo usingizi unapouvuta kwa nguvu zote, hata kama alilala jioni. Ongezeni malori yaliyoharibika bila taa, baiskeli zisizo na kiakisi mwanga nyuma, ng'ombe. Mtapunguza matapishi kwa kuongeza hatari ya ajali, na biashara hiyo siwezi kuipitisha. Ondokeni kunapopambazuka. Watoto waamshwe wakiwa na usingizi bado, wavalishwe, wapakiwe. Watalala tena hadi Busisi, na baba anaona barabara.

Sasa kiti cha mbele. Naomba usome aya hii pamoja na mumeo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa kupita katikati ya makazi ya watu, linasogea karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga na kusimama ghafla, kilichomo ndani ambacho hakijafungwa kinaendelea kwenda kwa mwendo uleule. Mtoto akigonga kitu kwa kasi hiyo ni sawa na kumwachia kutoka urefu wa mita kumi, yaani ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa ni urefu wa mita 25. Hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia, hata ya mama anayepiga kasia kila siku. Ukimpakata ndani ya mkanda wako mmoja ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu uzito wako wote unamkandamiza kwenye mkanda. Na kama mbele kuna mfuko wa hewa, unafumuka kwa nguvu iliyopimwa kwa mtu mzima.

Mdogo akae nyuma, kwenye kiti chake cha mtoto kilichoelekea nyuma ya gari. Wa kati naye awe na kiti cha mtoto chenye mikanda yake. Mkubwa anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite begani na kwenye nyonga, si shingoni na tumboni. Msitumie mto wa kitandani kumwinua, unateleza. Najua viti hivi si bei ya mchele, na maduka mengi hayana. Vipo vya mitumba. Kagua kama plastiki haina ufa na mikanda inafunga kwa sauti, na usinunue kilichowahi kuwa kwenye ajali. Kama fedha zinatosha kiti kimoja tu, basi ni cha mdogo, na hao wawili wafungwe mikanda ya gari, kila mmoja wake, nyuma. Utaona pia kwamba kiti kinachomwinua wa kati kinatibu vitu viwili kwa mpigo: kinamlinda, na kinamfikisha kwenye usawa wa dirisha ambapo macho yake yanaona barabara. Nimeona watoto walioacha kutapika kwa sababu ya sentimita kumi na tano tu.

Dawa. Piriton si dawa ya kichefuchefu cha safari. Ni ya mzio, na sababu ya watu kuipendekeza ni kwamba inalevya usingizi. Kumlewesha mtoto ili wakubwa wasafiri kwa amani sikubaliani nako, na watoto wengine huigeuza: badala ya kulala wanachachamaa kama wameng'atwa na siafu. Plasil, yaani metoklopramidi, inafanya kazi kwenye aina nyingine za kutapika. Kwa hii ya gari haisaidii, na kwa watoto inaweza kuleta kukakamaa kwa shingo, macho kugeuka juu na ulimi kutoka, kitu kitakachowatia hofu ya degedege katikati ya pori la Biharamulo. Usimpe.

Zipo dawa zinazofaa kweli. Prometazini na dimenhidrineti hutumika kuanzia miaka miwili, sinarizini kuanzia miaka mitano. Prometazini chini ya miaka miwili ni marufuku, inaweza kuzuia pumzi, kwa hiyo mdogo asionjeshwe hata tone. Kwa wa kati, ningejaribu kwanza mabadiliko mengine yote. Kama bado, nenda naye kliniki kabla ya Desemba apimwe uzito na upewe dozi yake. Sitaiandika hapa kwa sababu inategemea kilo, si umri. Inatolewa kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kuondoka. Ukisubiri aanze kutapika umechelewa, kwani tumbo lenye kichefuchefu huacha kusukuma chakula na dawa mbele, na kidonge kinarudi na uji. Jaribu dozi ya kwanza nyumbani siku ya mapumziko uone inamfanyaje. Usiichanganye na dawa ya kikohozi au ya mafua, nyingi zina kitu cha kusinzisha pia. Tangawizi? Vipande vidogo au chai nyepesi havimdhuru, na watoto wengine wanaipenda. Mimi huiweka pamoja na ganda la chungwa: ijaribuni, ila msiitegemee.

Njiani, jifunze kumsoma. Mtoto wa miaka minne hasemi "nina kichefuchefu". Husema tumbo linauma, au anataka kwenda nyumbani, au hasemi kitu. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni mtoto mwenye kelele kunyamaza ghafla. Tazama midomo imepauka, miayo mfululizo, kumeza mate, jasho kwenye paji la uso. Ukiona hivyo fungua dirisha, zima redio, mwambie aangalie mbali mbele, mlima au mnara wa simu, na mtafute pa kusimama salama ndani ya dakika chache. Mkiwahi, mara nyingi hatatapika kabisa. Mkichelewa, usimlazimishe kunywa hapohapo. Subiri dakika kumi, kisha maji kwa kijiko. Akitapika zaidi ya mara mbili, mchanganyie ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwa kipimo cha kwenye pakiti, anywe taratibu.

Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukiitegemea ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo beba kopo lenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, lile la siagi kubwa au la rangi lililooshwa vizuri. Liwekwe miguuni pake, mwonyeshe ni lake, hata abandike picha. Mtoto anayejua pa kutapika hofu yake hupungua. Kanga mbili, taulo lenye unyevu, nguo za kubadilisha za mtoto na, nakusihi, shati la ziada la baba. Ndoo ya dagaa iachwe nyumbani. Bukoba ina ziwa lilelile na dagaa wake. Bibi atafurahia kilo tano za mchele mzuri wa Kanda ya Ziwa, na mchele haunuki.

Hasira ya baba yao naitaja kwa upole, kwa sababu anaendesha, amechoka, na gari ni lake la kulipia. Lakini mtoto aliyekaripiwa kwa kutapika hujifunza kuliogopa gari lenyewe. Safari inayofuata anaanza kuumwa tumbo akiona tu mabegi mlangoni, gari halijawashwa. Hofu na kichefuchefu hulishana. Dawa yake ni safari fupi nzuri kuanzia sasa. Jumapili moja mpelekeni Kisesa, mkaone makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, mrudi. Nyingine hadi Usagara, nyingine hadi darajani na kurudi. Mwili huzoea mwendo kwa kurudiarudia, na mtoto anapata kumbukumbu ya safari iliyoisha salama.

Ugomvi wa hawa wawili wakubwa ni wa kawaida, sitaukalia sana. Mtoto wa miaka minne hana saa kichwani. "Bado saa tano" kwake ni lugha ya kigeni. Mpimie njia kwa vitu: daraja, halafu mji wa dhahabu, halafu migomba ikianza kujaa pande zote tumekaribia kwa bibi. Michezo iwe ya masikio na ya dirishani: vitendawili, kuhesabu bodaboda zenye abiria watatu, wa kwanza kuwaona wauza senene kama msimu umewakuta. Baba awafundishe salamu za Kihaya, wafike wakimwamkia bibi kwa lugha yake. Simu apewe mkubwa peke yake, kwa dakika chache, upande ambao mdogo wake hawezi kuchungulia.

Kuhusu kubadilisha chombo. Basi kutoka Nyegezi lina nafuu ya bei, lakini halisimami kwa ajili ya mtoto mmoja na halina kiti cha mdogo. Mkilazimika, kaeni katikati, mbali na tairi za nyuma. Meli ya New Victoria hufanya safari ya usiku, watoto wanalala wamenyooka, na dereva hana cha kuendesha. Kwa watoto wengi ni nafuu kubwa usiku wa ziwa tulivu, ingawa ziwa likichafuka hata wewe utatafuta kopo. Najua pia zipo familia za Kagera ambazo tangu Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hazijapanda meli tena. Sitamshawishi mtu hapo.

Na kumwacha wa kati na dada wa kazi? Anajua kwamba mnaenda kwa bibi. Anajua pia kwa nini atabaki. Mimi nisingemwacha.

Ni lini mnahitaji kuonwa na mtabibu ana kwa ana? Kichefuchefu cha safari huisha ndani ya saa chache baada ya gari kusimama. Akiendelea kutapika mmeshafika na amelala, si gari tena. Joto la mwili likipanda, apimwe malaria siku hiyohiyo, Geita na Kagera ni maeneo yenye malaria nyingi na dalili zake kwa mtoto huanza hivihivi. Bebeni na vyandarua. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri kufika kama mtoto hawezi kunywa au anatapika kila anachokunywa, amelegea au haamki vizuri, amepata degedege, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, matapishi yana damu au rangi ya kijani, au ameanguka na kugonga kichwa kabla ya kutapika. Mdogo wa miezi tisa mpelekeni mapema zaidi, hana akiba ya maji. Na huyu wa kati, kama ipo siku anatapika asubuhi nyumbani akilalamika kichwa, au anayumba akitembea, mlete kliniki wiki hiyohiyo. Hilo halihusiani na gari.

Bado siku ya kurudi, ambayo watu husahau kuipanga. Watoto watakuwa wamechoka, wamelala kwa kuchelewa, na bibi hatakubali mjukuu aondoke bila kushiba. Atapika ndizi na maharage sufuria zima, atasimama mlangoni na kijiko. Usibishane naye. Mwombe awafungie kwenye majani ya mgomba, mle wote mkisimama Muleba, watoto wakiwa wameshuka na viatu vimevuliwa.